Maili Elfu Saba na Tisini na Sita

Kwa miaka ishirini na minane alikaa kiti kilekile, mbele ya dirisha lilelile, akiwakatia watu tiketi za kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kutia mguu. Ofisini walimwita Masafa. Jina hilo alipewa na meneja wa kwanza, siku mteja mmoja mwenye majivuno alipouliza kwa kejeli kama kuna mtu humu ndani anayejua umbali wa kutoka hapa hadi mji fulani wa huko mwisho wa dunia. Mama huyu, bila kuinua macho kutoka kwenye muhuri aliokuwa anagonga, akajibu: kilomita elfu nane mia sita na arobaini, saa kumi na dakika ishirini na tano hewani, na upepo ukiwa na kinyongo ongeza robo saa. Mteja akaenda kuhakikisha kwenye kitabu kikubwa cha ratiba kilichofungwa kwa mnyororo pale kaunta, akakuta ndivyo, akanywea. Tangu hapo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Si kwamba alizaliwa na kichwa cha mashine. Alipoanza kazi kompyuta zilikuwa hazijafika, na chakula cha mchana alikula palepale mezani, kibweta kwenye mapaja ili asichafue fomu. Wengine wakila husoma gazeti, yeye alisoma kitabu cha ratiba. Viwanja vya ndege viliandikwa viwiliviwili kama wachumba kwenye kadi ya harusi, katikati yao umbali na saa za safari. Miaka ikaenda, vikamkaa kichwani bila kualikwa. Baadaye kompyuta zikaja, na baada ya kompyuta akaja meneja wa sasa, mwanamume aliyesoma sana na kusalimia kidogo, ambaye mteja akiuliza swali hujibu kwa kugonga simu yake kwa kidole. Masafa alimtangulia kila mara. Alikuwa anamaliza kujibu wakati simu bado inatafuta mtandao, na hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake kubwa ya kila siku, na sioni ubaya wake.

Wateja nao walimpa vituko. Kuna muuza vipuri vya magari aliyekuja na tiketi mkononi, uso umemvimba kwa hasira, akidai amepunjwa. Alikuwa ametoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kama zilivyoandikwa, akapata kwenda ni saa ishirini na dakika arobaini na kurudi ni saa saba na dakika ishirini na tano. Akataka akatiwe ile ndege ya kurudi, maana ina mbio, aitumie na kwenda pia. Masafa alimweleza taratibu kwamba saa za kule ziko mbele kwa saa saba, kwamba hewani ni saa kumi na tatu na dakika arobaini kwenda, kumi na nne na dakika ishirini na tano kurudi, na hiyo tofauti ndogo ni upepo tu. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine wa kumhudumia.

Njia hiyo ya muuza vipuri Masafa aliijua kuliko zote. Kilomita elfu kumi na moja mia nne na ishirini. Mwisho wake kulikuwa na hospitali kubwa, na ndani ya hospitali hiyo, ghorofa ya nne, kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye ni binti yake wa pekee. Tiketi aliyoondokea alimkatia yeye mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, akamchagulia kiti cha dirishani. Tangu siku hiyo binti hakuwahi kurudi. Kila Jumapili saa nne asubuhi alipiga simu, hilo hakukosa, na kila Jumapili mama alimwuliza anakuja lini, na binti akasema, mama, huku ni mbali.

Kwa mtu mwingine jibu hilo lingetosha. Kwa Masafa lilikuwa tusi. "Mbali wapi?" alikuwa akimwambia. "Unapanda asubuhi, unakula mara mbili, unasinzia, umefika. Mbali ni mwezini." Binti hucheka kidogo, cheko la kufunga mazungumzo, kisha wanahamia kwenye habari za mvua na magoti ya mama yanayouma. Mama naye hakuwahi kwenda. Miaka ya mwanzo binti alikuwa anaishi chumba kimoja na wenzake wawili, halafu akawa kwenye mafunzo, halafu kukawa na hili na lile, na mama akazoea kusikia kwamba mwakani hali itakuwa nzuri.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo binti hakulijua, au alilijua akalisahau. Siku ile ya kuondoka mama alimwandikisha kwenye orodha ya shirika la ndege, ile inayomhesabia msafiri maili zake kila akipanda ili siku moja zimfae. Fomu ilidai namba ya simu. Binti hakuwa bado na namba ya huko aendako, mama akaweka ya kwake, akijisemea itabadilishwa baadaye. Haikubadilishwa. Basi kila binti alipopanda ndege za shirika hilo, siku mbili baadaye simu ya mama ililia, ikaja meseji fupi ya hongera, kwamba umeongezewa maili kadhaa, asante kwa kusafiri nasi. Haikusema kutoka wapi wala kwenda wapi, maili tu. Mtu mwingine angeifuta. Masafa aliangalia nambari, akajua mji.

Mia nne thelathini na moja ulikuwa mji wa viwanda, kule alikokwenda kwa semina. Elfu moja mia moja na themanini ulikuwa mji wa fukwe na hoteli, na huko alikwenda mara tatu, mara moja ikiwa wiki ileile aliyosema kwenye simu kwamba amebanwa na zamu hata pumzi hapati. Mama alisoma, akameza, hakusema neno. Hakuna mtu duniani anayeweza kufanya kosa la namna hii isipokuwa mkata tiketi. Kwa miaka kumi na moja alimfuata mwanawe kwa nambari, akadhani anamjua. Kila mji alioenda alikuwa na habari nao, lakini hakuwahi kujua alikwenda na nani wala alilia au alicheka huko. Tena alijisifu moyoni kwamba yeye si mama wa kupekua mambo ya watoto.

Mwaka huu ukafika wa kustaafu. Ofisi ile ina desturi moja nzuri, na ndiyo hiyo tu: anayemaliza kazi bila doa hupewa tiketi moja ya bure, kwenda na kurudi, popote anapotaka. Wenzake wengi waliitumia kwenda kuona maghorofa. Masafa hakuwa na haja ya kufikiri. Miezi minne kabla alimwambia binti, akamwambia tena mwezi uliofuata, na kila mara binti akasema ni wazo zuri, ngoja aangalie. Hakusema njoo. Mama alitaka kusikia neno hilo moja tu. Viza ilihitaji barua ya mwenyeji, na barua haikuja. Kila Jumapili baada ya simu alikuwa akijiuliza anaombaje kitu ambacho mama hapaswi kuomba.

Jumapili ya mwisho kabla ya kustaafu, simu haikupigwa. Binti alishaaga mapema kwa meseji kwamba ana zamu ndefu. Jumanne, saa tano kasorobo, Masafa akiwa na familia ya watu sita kaunta, simu yake ikalia ndani ya droo. Aliitazama kwa jicho moja huku akiandika. Maili elfu saba na tisini na sita.

Aliweka kalamu chini. Aliwaomba radhi wale watu, akaenda chooni, akafunga mlango, akaisoma tena. Kutoka uwanja wa kule kulikuwa na njia nyingine moja tu ya kukaribiana nayo, na hiyo ilikuwa elfu saba na themanini na moja, anaijua. Elfu saba na tisini na sita ilikuwa moja, ndizo zile kilomita elfu kumi na moja mia nne na ishirini, na mwisho wake ulikuwa hapa, uwanja huu, ambao ndege zake zikitua vioo vya ofisi hutetemeka. Binti yake alikuwa amefika. Tangu Jumapili yuko humu humu mjini. Masafa aliketi juu ya kifuniko cha choo, akalia kwa furaha huku ameziba mdomo kwa kanga, maana ukuta wa choo kile ni mbao.

Kwa nini basi hajaja nyumbani? Jibu lilimjia bila kutafutwa. Ijumaa ndiyo sherehe ya kumuaga. Anataka kumshtukiza mbele ya watu. Barua ya viza haikuja kwa sababu anakuja mwenyewe kumchukua, na ile tiketi ya bure wataitumia kwenye ndege moja, bega kwa bega, mama dirishani. Hivi ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, wa kuficha ficha mambo mpaka siku yenyewe. Masafa alinawa uso, akarudi kaunta, akaihudumia ile familia kwa tabasamu ambalo hawakuwa wamelilipia.

Wiki hiyo nyumba iligeuzwa juu chini. Alinunua mashuka mapya, akafua mapazia, akaitoa cherehani kwenye chumba kilichokuwa cha binti na kuirudisha sebuleni. Jumatano jioni alimwita mdogo wake wa kiume, ambaye ni fundi friji, aje amwangalizie friji lake lililokuwa linakoroma bila kugandisha. Fundi alikuja na mfuko wa spana, akapiga magoti nyuma ya friji. Dada yake alikuwa akipangusa vyombo huku akiimba, jambo ambalo fundi hakuwa amelisikia kwa miaka mingi.

"Kuna nini leo, dada?" akauliza.

"Nina mgeni."

Spana ikatulia kidogo. "Amekupigia?"

"Hajanipigia. Lakini najua." Akamkonyeza, akaendelea kupangusa.

Fundi alimaliza kazi, akakataa chai, akasema ana friji la bucha linamsubiri. Pale mlangoni alisimama kama mtu aliyesahau kitu, akaangalia mashuka mapya yaliyokuwa yametandikwa yakiwa na mikunjo ya dukani, akasema tu kwamba friji litaanza kugandisha asubuhi. Masafa alidhani amechoka.

Ijumaa wakamuaga. Kulikuwa na soda, keki yenye umbo la ndege ambayo bawa lake moja lilianguka njiani, na hotuba ya meneja iliyosomwa kutoka kwenye simu. Wenzake wakamfanyia mtihani wa mwisho, wakimtajia miji miwilimiwili na yeye akijibu, wakapiga makofi. Alijibu yote. Macho yake hayakutoka mlangoni. Mlango ulipofunguliwa aliinuka nusu, ikawa ni mteja anauliza kama wamefunga. Ulipofunguliwa tena ilikuwa tarishi na bahasha. Saa kumi na moja mhasibu akaanza kukusanya chupa, na Masafa akasema ataka kukaa kidogo, aage vizuri meza yake. Akakaa peke yake na ile keki ya bawa moja mpaka mlinzi alipokuja na funguo.

Alijipa moyo. Labda Jumamosi. Jumamosi ikapita. Jumapili saa nne asubuhi alikaa karibu na simu na pia karibu na mlango, kimojawapo kitasema. Vyote viwili vikanyamaza. Jumatatu hakuwa tena na kazi ya kwenda, na alikuwa amesimama jikoni hajui afanye nini na mikono yake, ndipo meseji ikaingia. Hongera, umeongezewa maili elfu saba na tisini na sita. Asante kwa kusafiri nasi.

Ameondoka. Masafa aliirudia ile nambari kwa sauti, jikoni, peke yake. Mwanawe alikuja, akakaa wiki nzima ndani ya mji huu, akapanda ndege, akarudi, hata hodi hakubisha. Alihisi aibu kwanza, aibu ya mashuka, kabla hata ya uchungu. Halafu akakumbuka swali la ndugu yake nyuma ya friji. Amekupigia? Mtu huuliza hivyo akijua ni nani wa kupiga.

Karakana ya fundi ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Alifika akihema, jasho limemlowesha mgongo, akamkuta amekaa kwenye kreti anafungua injini ya friji. Hakumsalimia.

"Alikuwa hapa," akasema. "Na wewe ulijua."

Fundi aliweka bisibisi chini. Akajipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo. "Nilijua," akasema.

"Alikuja kufanya nini?"

"Kuzika."

Hapo inabidi nieleze jambo ambalo Masafa hakupenda lielezwe. Alikuwa na mume, mwalimu wa udereva, mtu mpole mwenye suruali zenye mistari ya pasi. Binti akiwa na miaka kumi na mitano mwalimu huyo alihamia kwa mwanamke mwingine, mtaa wa upande wa pili wa reli, akaoa huko. Sitasema nani alikuwa na haki, ila Masafa aliumia, na maumivu yake aliyafanyia sheria. Jina la yule bwana lisitajwe kwake. Na yeyote atakayekanyaga kwa yule bwana, kwake asikanyage tena. Watu walidhani ni maneno ya hasira. Siku moja fundi friji alipita huko kumjulia hali shemeji yake aliyekuwa na homa, na dada yake akamfungia mlango miaka miwili mizima, hata salamu za njiani hakuitikia. Binti mwenyewe, alipofaulu mtihani wa mwisho, alikwenda kumwonyesha baba yake matokeo. Alirudi jioni akakuta nguo zake zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, nje ya kizingiti, na mlango umefungwa kwa ndani. Alilala kwa mjomba wake siku tisa. Hakuwahi kulizungumza, wala mama hakuwahi kuomba msamaha, na miezi kadhaa baadaye akaanza kujaza fomu za chuo cha uuguzi cha mbali.

Sasa yule bwana alikuwa amekufa, Ijumaa, wiki moja kabla ya sherehe ya kumuaga Masafa. Moyo ulisimama akiwa ndani ya gari la mafunzo, limeegeshwa, bahati nzuri mwanafunzi alikuwa ameshashuka. Mtaa mzima ulijua. Wenzake Masafa ofisini walijua, hata tarishi alijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa sababu alishawakataza wote. Habari ilifika mpaka mlangoni kwake, ikageuka ikarudi ilikotoka.

"Ungeniambia," akamwambia ndugu yake.

"Si ulisema asitajwe?"

"Amekufa! Mtu akifa anatajwa."

"Hukusema hivyo, dada."

Alitafuta pa kukaa, fundi akamsogezea kreti. Akamweleza yaliyobaki bila kumtazama. Binti alifika Jumapili, wakazika Jumatatu, akabaki kumsaidia mjane na mambo ya msiba. Jumatano, baada ya kutengeneza friji, fundi alikwenda moja kwa moja kwa binti, akamwambia mama yako anajua upo, sijui amejuaje, ametandika kitanda, anaimba. Binti alikuwa anaosha sufuria. Akauliza, anajua nimekuja kwa nini? Fundi akasema, hapana, hilo hajui.

"Akasemaje?" Masafa akauliza.

"Akasema, basi anayemsubiri si mimi."

Masafa alirudi nyumbani akiwa hana hasira ya kutosha kwa mtu yeyote. Kwa marehemu alijaribu kuhuzunika, ikaja huzuni kidogo, imechanganyika na kitu kingine ambacho hakutaka kukiangalia. Hakutandua kitanda. Alifikiri sana, na kwa haki yake niseme kwamba alifikiri vizuri: aliona alichofanya, aliona ule mfuko wa nguo nje ya kizingiti, akaona kwamba umbali ambao mtoto alikuwa akiusema kila Jumapili haukuwa wa kwenye kitabu cha ratiba. Akaamua kesho atampigia yeye. Atampa pole. Atasema nimekosea, mwanangu, na hilo neno hakuwahi kulitamka kwa mtu. Halafu ataomba, wazi, bila kuzunguka, aende kwake. Alirudia maneno hayo akifua, akipika, akifunga madirisha, mpaka yakakaa mdomoni kama zilivyokaa maili.

Jumanne saa mbili asubuhi, ambayo kule ni saa tisa mchana, akapiga. Binti akapokea upesi, kwa sauti ya woga, kwa kuwa mama hakuwahi kupiga yeye.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekupigia kukupa pole."

Kwa mbali zilisikika kengele za wodini na magurudumu ya kitanda yakisukumwa.

"Pole ya baba yako," Masafa akasema. Alikuwa hajalisema neno hilo, baba yako, kwa miaka mingi, na lilitoka likiwa zima. "Mjomba wako ameniambia. Nimejua ulikuwa hapa."

"Asante, mama," binti akasema. Sauti yake ilikuwa imelegea, kama ya mtoto. Kisha akaanza kulia, taratibu, kazini kwake, na mama akamsikiliza huku na yeye machozi yakimtiririka, na kwa dakika moja hivi walikuwa karibu kuliko walivyowahi kuwa tangu binti akiwa na miaka kumi na mitano.

"Nilitaka kuja," binti akasema. "Kila siku nilitaka kuja. Alhamisi nilifika mpaka ng'ambo ya barabara ya ofisi yako. Nilikuona dirishani unamwandikia mtu tiketi. Nilikaa pale nusu saa."

"Ungevuka, mwanangu."

"Nilikuwa nimetoka kwake, mama. Nilikuwa nimevaa nguo za msiba wake." Akavuta pumzi. "Niambie ukweli. Ningebisha hodi, nikakwambia natoka kumzika baba, ungenifungulia?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Alikuwa nalo tayari, alikuwa amelala nalo na kuamka nalo, lilikuwa neno fupi kuliko yote aliyoyafanyia mazoezi. Alifungua mdomo alitoe. Lakini mbele ya macho yake ilikuja picha ya binti akiosha sufuria kwenye nyumba ile, jikoni kwa yule mwanamke, wiki nzima, asubuhi na jioni, huku mashuka mapya yakimsubiri bure upande huu wa reli.

"Ulilala kwake?" akauliza.

Kule kengele ziliendelea kulia. Binti alipojibu, machozi yalikuwa yameisha kwenye sauti yake, imerudi ile sauti ya Jumapili, ya adabu na mvua na magoti.

"Ndiyo maana, mama," akasema. "Acha nirudi kwa wagonjwa."

Simu ikakatika. Masafa alibaki ameishika sikioni. Alitaka kupiga tena upesi, aseme sivyo, neno limeteleza, hilo silo alilopanga kusema. Alitafuta namba, akaiona, akaweka kidole juu yake. Hakubonyeza. Alijua kwamba binti akipokea kitu cha kwanza kitakachomtoka mdomoni ni swali lilelile, kwa sababu hata sasa, na simu imekufa mkononi, bado alitaka kujua.